Bigo bya Mugenyi: Mahandaki ya kale ya Uganda na swali la nani aliyeyachimba

Kusini mwa mto Katonga, katika wilaya ya Sembabule nchini Uganda, kuna mahandaki ya kale ambayo urefu wake kwa jumla unazidi kilomita 10. Yalichimbwa kwa nguvu za mikono zaidi ya miaka 500 iliyopita, kabla falme za Bunyoro, Nkore na Buganda hazijapata sura ile inayojulikana katika historia. Mahali hapo panaitwa Bigo bya Mugenyi.

Watu waliochimba mahandaki hayo hawakuacha maandishi. Waliacha udongo uliofukuliwa, vigae vya vyungu, majivu na mifupa ya ng'ombe. Kwa zaidi ya miaka mia moja, wafalme, maofisa wa kikoloni, wanahistoria na wanaakiolojia wamebishana juu ya watu hao: walikuwa nani, walitoka wapi, na kwa nini walifanya kazi kubwa namna hiyo. Ubishi huo una uzito mkubwa, kwa kuwa majibu yaliyotolewa zamani yalitumika kuwagawa wakazi wa eneo zima la Maziwa Makuu katika makundi ya "wageni watawala" na "wenyeji watawaliwa".

Mahali na umbo lake

Bigo iko kaskazini-magharibi mwa Masaka, katika nchi ya majani na miti iliyotawanyika ambayo tangu kale imekuwa malisho ya ng'ombe. Upande wa kaskazini unapakana na Katonga, mto unaokwenda polepole katikati ya vinamasi vipana vya mafunjo. Kinamasi hicho ni kizuizi cha asili. Waliochagua mahali hapo walipata ulinzi wa upande mmoja bila kuchimba hata pepeo moja la udongo, na wakati huohuo walipata maji ya mifugo wakati wa kiangazi.

Mahandaki yako ya namna mbili. Lipo handaki la nje, ambalo limepinda mfano wa upinde mkubwa na kulizunguka eneo la kilomita za mraba kadhaa, huku ncha zake zikiishia kwenye kinamasi. Ndani yake, juu ya mwinuko, yapo mahandaki mengine yanayogawa nafasi ndogo zaidi zilizoshikana, na katikati ya nafasi hizo kuna matuta ya udongo. Mahali pengine handaki lina kina cha mita 4 au zaidi, na mahali pengine wachimbaji walipofika kwenye mwamba hawakuacha kazi, bali waliuchonga mwamba wenyewe. Udongo uliotolewa ulirundikwa kando na kuwa ukuta. Kwa hiyo mtu aliyesimama ndani ya handaki lilipokuwa jipya alimwona aliye juu kama mtu aliye juu ya dari.

Bigo ni kubwa kuliko nyingine zote, lakini haiko peke yake. Kaskazini zaidi, katika nchi ya Bunyoro, kuna mahandaki ya Munsa yanayokizunguka kilima chenye miamba na mapango, na karibu na Ziwa Albert kuna mahandaki ya Kibengo. Kusini mwa Bigo, chini ya kilomita 20, kuna Ntusi, ambayo haina mahandaki ya kuizunguka, ila ina vilima vikubwa vya taka za kale na bwawa lililokauka. Mahali pote hapo panapaswa kutazamwa pamoja, kwa sababu kila mmoja unaeleza jambo ambalo mwingine haulielezi.

Jina na masimulizi

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani wa kumfafanulia neno "mugenyi". Ni ndugu wa neno letu "mgeni", na "bigo" ni maboma. Bigo bya Mugenyi ni maboma ya mgeni. Lakini Mugenyi ni pia jina la mtu katika masimulizi ya Wachwezi, ukoo wa watawala ambao katika simulizi za Bunyoro, Toro na Nkore hutajwa kuwa walitawala himaya ya Kitara kwa muda mfupi, kisha wakatoweka.

Wachwezi wanaotajwa zaidi ni Ndahura, Mulindwa na Wamara. Husimuliwa kuwa walikuwa watu wa maarifa yasiyo ya kawaida, wenye ng'ombe wengi wazuri, walioweza kufanya mambo ambayo binadamu wa kawaida hakuyaweza. Mugenyi alikuwa mmoja wao. Alimpenda mno ng'ombe wake aliyeitwa Bihogo, hata akaapa kwamba ng'ombe huyo akifa naye atajiua. Bihogo alikufa. Ndugu zake walimzuia Mugenyi asitimize kiapo, lakini mwanamke mmoja wa ukoo wao alimsuta kwa kuendelea kuishi baada ya kuapa. Katika masimulizi, suto hilo ni mojawapo ya dalili kwamba heshima ya Wachwezi imevunjika. Walikusanya ng'ombe na watu wao wakaondoka. Wengine husema walizama ziwani, wengine husema waligeuka kuwa pepo.

Baada yao, masimulizi yanasema, walikuja Babito huko Bunyoro, na upande wa kusini akatokea Ruhinda, ambaye mara nyingi hutajwa kuwa mwana wa Wamara. Kwa njia hiyo nasaba za wafalme wa baadaye zilifungwa kwenye jina la Wachwezi. Aliyetaka kuonyesha kwamba ana haki ya kutawala alionyesha kwamba alirithi kutoka kwao, na mahandaki ya Katonga yakaja kusimama kama shahidi wa urithi huo.

Kutoka ramani hadi uchimbaji

Taarifa fupi kuhusu mahandaki hayo ilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali ya Uganda mwaka 1909. Mwaka 1934 E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia, aliyaeleza kwa kirefu katika jarida la Uganda Journal. Katika miaka hiyohiyo Omukama wa Bunyoro, Tito Winyi, aliandika katika jarida hilo historia ya wafalme waliomtangulia, akitumia herufi mbili tu, K. W., badala ya jina lake. Mwaka 1947 John Nyakatura akatoa kitabu chake cha historia ya wafalme wa Bunyoro-Kitara. Masimulizi yaliyokuwa yakipokewa kwa masikio yakawa sasa yanasomwa kwa macho.

Uchimbaji wa kitaalamu ulianza mwaka 1957 chini ya Peter Shinnie. Mwaka 1960 Merrick Posnansky, ambaye wakati huo alikuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala, alirudi Bigo na kuchimba sehemu ya katikati. Alitaka kujua mambo mawili: mahali hapo palikaliwa lini, na palikaliwa na watu wa namna gani.

Kwa swali la kwanza alitumia upimaji wa kaboni ya mionzi. Kila kiumbe hai kina kiasi fulani cha kaboni hiyo mwilini, na kikifa kiasi hicho hupungua kwa kasi inayojulikana. Kipande cha mkaa kutoka kwenye jiko la kale kinaweza kwa hiyo kueleza takriban ni karne gani mti wake ulikatwa. Vipimo vya Bigo vilielekeza kwenye kipindi cha kati ya karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 16.

Kwa swali la pili, Posnansky alikuta dalili za awamu mbili. Chini ya tuta mojawapo la katikati palikuwa na mabaki ya boma la awali, ambalo baadaye lilifunikwa na kazi nyingine ya udongo. Aliona kwamba mpangilio wa boma hilo ulifanana na ule wa orurembo, makao ya mfalme wa Nkore, kama alivyouona pia alipochimba Bweyorere, mji mkuu wa zamani wa ufalme huo. Akahitimisha kwamba katikati ya Bigo palikuwa na makao ya mtawala, na kwamba mahandaki yalikuwa ya kulinda makao hayo na makundi ya ng'ombe.

Vitu alivyovipata havikuwa vya fahari. Hakukuwa na dhahabu wala kaburi la mfalme. Palikuwa na mifupa, sehemu kubwa ikiwa ya ng'ombe, na vigae vya vyungu vilivyotiwa nakshi kwa kubiringisha kamba ya majani yaliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Vyungu vingine vilipakwa rangi nyekundu. Nakshi hiyo ya kamba ni muhimu, kwa maana inapatikana katika sehemu kubwa ya Maziwa Makuu tangu yapata miaka elfu moja iliyopita, na wafinyanzi wa eneo hilo wameendelea kuitumia hadi nyakati za karibuni. Chungu cha Bigo hakikuwa kitu kigeni katika nchi hiyo.

Ntusi: taka zinazoeleza maisha

Kama Bigo ilikuwa na makao ya mkubwa, Ntusi ilikuwa na watu. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, John Sutton na Andrew Reid waliuchunguza mji huo wa kale na kuona kwamba makazi yake yalienea kwenye eneo la takriban hekta 100. Watu waliishi hapo tangu karibu karne ya 11 hadi ya 15. Hiyo ina maana kwamba Ntusi ilikuwepo muda mrefu kabla mahandaki ya Bigo hayajachimbwa.

Vilima viwili vikubwa vya Ntusi, ambavyo wenyeji huviita vya kiume na vya kike, si makaburi wala si ngome. Ni majalala. Kizazi baada ya kizazi watu walitupa hapo majivu, samadi, vyungu vilivyovunjika na mifupa, hadi rundo likawa kilima. Kwa mwanaakiolojia, jalala la namna hiyo lina thamani kuliko kasri tupu. Mtu huchagua atakachokisema katika sifa za mfalme wake, lakini hachagui atakachokitupa.

Majalala ya Ntusi yana mifupa mingi ya ng'ombe, na sehemu kubwa ni ya ng'ombe waliochinjwa wakiwa wachanga. Mfugaji maskini mwenye ng'ombe watano hachinji ndama wake ovyo. Anayeweza kufanya hivyo ni mwenye makundi makubwa, anayebakiza majike kwa ajili ya maziwa na uzazi, na kuwapunguza wengine kwa ajili ya nyama. Mifupa hiyo inaonyesha ufugaji uliopangwa, wenye ng'ombe wengi na wenye watu wa kuwasimamia.

Lakini majalala hayohayo yana pia mawe ya kusagia nafaka, na visu vya chuma vilivyopinda ambavyo huenda vilitumika kuvunia masuke. Yapo pia mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya kuhifadhia nafaka. Wakazi wa Ntusi walilima na kufuga. Waliyeyusha chuma, walichonga pembe za ndovu, na walitengeneza shanga kwa maganda ya mayai ya mbuni. Karibu na mji kuna bonde lililochimbwa na kuzungushiwa kingo za udongo, liitwalo Bwogero, ambalo masimulizi hulihusisha na Wachwezi na mifugo yao, na ambalo watafiti wanalitazama kama kazi ya kukusanya maji.

Kuna jambo jingine lililotoka katika udongo wa Ntusi ambalo linawagusa watu wa pwani. Ni shanga chache za kioo na simbi. Simbi haziokotwi katika Ziwa Victoria. Zinatoka Bahari ya Hindi. Katika karne ya 13 na ya 14, wakati Kilwa ilipokuwa katika kilele cha utajiri wake, vitu kutoka pwani vilikuwa vinafika katika bara la mbali, ingawa kwa kiasi kidogo sana, na pengine kwa kupita mikono mingi kutoka kijiji hadi kijiji. Hakuna dalili ya misafara mikubwa kama ile ya karne ya 19. Hata hivyo ni ushahidi kwamba bara na pwani havikuwa dunia mbili zisizofahamiana.

Mahandaki yalikuwa ya nini?

Jibu la kwanza linalomjia mtu akiona handaki na ukuta ni vita. Kwa Bigo jibu hilo lina kasoro. Handaki la nje ni refu mno kulindwa na jeshi la wakati huo, na lina nafasi nyingi za kupitia. Ngome yenye milango mingi isiyolindika haimzuii adui aliyedhamiria.

Jibu la pili ni ng'ombe. Eneo lililozungukwa na handaki la nje ni kubwa kiasi cha kulisha kundi, na upande wa pili kuna maji. Ng'ombe hawavuki handaki la mita 4 kwa urahisi, na mwizi wa ng'ombe hawezi kuwaswaga usiku kupita shimo la namna hiyo bila kutafuta njia inayojulikana. Katika nchi ambayo utajiri wote ulikuwa na miguu minne, boma la udongo lilikuwa mfano wa hazina.

Jibu la tatu ni kwamba kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa ujumbe. Kuchimba kilomita 10 za handaki, na mahali pengine kuchonga mwamba, kunahitaji watu wengi, chakula cha kuwalisha, na mtu au baraza lenye uwezo wa kuwaita na kutiiwa. Aliyekaa nyuma ya handaki hilo aliwaambia majirani na raia zake, bila kusema neno, kwamba yeye anaweza kuamuru.

Jambo hilo halikuwa la Uganda peke yake. Katika karne ya 13 na ya 14, mabwana wa mashamba nchini Uingereza walikuwa wakizungushia nyumba zao mahandaki ya maji, na maelfu ya mahandaki hayo bado yanaonekana hadi leo. Wanaakiolojia wa huko nao walidhani kwanza kwamba yalikuwa ya vita. Baadaye waliona kwamba mengi yasingeweza kumzuia adui wa kweli. Yalisaidia kukausha kiwanja, kufuga samaki na kuwazuia wezi na wanyama, lakini zaidi ya yote yalimtenga bwana na watu wake. Watu hao na wale wa Katonga hawakujuana kabisa. Kilichofanana ni haja ya mtawala kuonekana.

Huko Munsa, uchimbaji ulioongozwa na Peter Robertshaw katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watu waliishi kwenye kilima hicho muda mrefu kabla ya mahandaki kuchimbwa. Walikuwa na mashimo ya nafaka, walikuwa na tanuru la chuma, na walizika wafu wao hapo. Mahandaki yalikuja baadaye, kati ya karne ya 14 na ya 16, kama yale ya Bigo. Kwa hiyo kilichobadilika katika karne hizo si kuja kwa watu wapya. Ni kuongezeka kwa mamlaka, na pengine pia kwa hofu, miongoni mwa watu waliokuwepo.

Wageni au wenyeji?

Hapa ndipo penye kiini cha ubishi. Mwaka 1863 John Hanning Speke, mpelelezi wa Kiingereza aliyepitia Karagwe na Buganda, alichapisha kitabu cha safari zake na ndani yake akaweka nadharia kwamba watawala wa nchi hizo walikuwa wafugaji waliotoka kaskazini-mashariki, watu wa asili tofauti na bora kuliko wakulima waliowakuta. Hakuwa na ushahidi wa kuchimbua wala wa maandishi. Alitazama sura za watu na kukisia. Lakini nadharia hiyo ilipokelewa, ikaongezwa na waandishi wengine, ikafundishwa shuleni, na ikawa kiongozi cha utawala wa kikoloni kutoka Nkore hadi Rwanda na Burundi.

Mahandaki ya Bigo yalipojulikana, yaliingizwa katika hadithi hiyo bila shida. Kazi kubwa kama ile, ilisemwa, lazima iwe ya wageni, na Wachwezi wa masimulizi wakafanywa kuwa wageni hao. Jina "Mugenyi" lenyewe likaonekana kama ushahidi.

Udongo hausemi hivyo. Vyungu vya Bigo, Ntusi na Munsa ni vya jadi ya eneo hilo. Makazi yalikua polepole kwa karne kadhaa. Zaidi ya hayo, ufugaji na kilimo vilikuwa pamoja katika mji mmoja. Sutton amependekeza kwamba utengano mkali kati ya wafugaji na wakulima, ule uliokuja kujulikana huko Nkore kwa majina ya Bahima na Bairu, ulikomaa baada ya Ntusi na Bigo kuachwa, pale mfumo wa zamani ulipovunjika na watu wakatawanyika, wengine wakifuata malisho na wengine wakifuata ardhi yenye mvua. Kwa maoni hayo, utengano huo ulizaliwa ndani ya historia ya eneo lenyewe. Haukuletwa na msafara wa watu wa damu nyingine.

Baada ya yote yaliyotokea katika eneo la Maziwa Makuu katika karne ya 20, pale nadharia ya asili mbili ilipogeuzwa kuwa silaha ya kisiasa, hakuna anayeweza kusema kwamba suala la nani alichimba handaki la Katonga ni la wataalamu peke yao.

Na Wachwezi je?

Mwaka 1953 mwanahistoria Roland Oliver aliona kwamba masimulizi ya Wachwezi na mahandaki ya Bigo yanakubaliana, na kwamba Wachwezi walikuwa watawala wa kweli. Mwaka 1958 Christopher Wrigley alimpinga, akisema kwamba Wachwezi ni miungu iliyovikwa mavazi ya wafalme. Baadaye Peter Schmidt na wengine wakaonya kwamba uhusiano kati ya Wamara na Bigo ulipata nguvu zaidi baada ya masimulizi kuandikwa katika karne ya 20, na kwamba mwanaakiolojia anayechimba akiwa tayari na jina la mfalme mfukoni anaweza kulikuta jina hilo katika kila shimo.

Schmidt mwenyewe ana mfano kutoka Tanzania. Karibu mwaka 1970, katika mkoa wa Kagera, wazee wa Kihaya walimwonyesha Katuruka, mahali wanapopahusisha na mfalme Rugomora Mahe na kazi ya chuma. Alipochimba alikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma, lakini ya kale mno kuliko mfalme huyo, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Wazee walikuwa wamehifadhi kumbukumbu ya kweli ya mahali na ya kazi iliyofanyika. Kilichobadilika kwa kupita kwa wakati ni jina la mwenye kazi.

Huenda ndivyo ilivyo kwa Bigo. Masimulizi yanakumbuka kwamba palikuwa na utawala mkubwa wa wenye ng'ombe, kwamba ulidumu kwa muda usio mrefu, na kwamba ulitoweka kabla ya falme zinazojulikana. Mambo yote matatu yanapatana na yaliyochimbuliwa. Majina ya Ndahura, Mulindwa na Wamara hayawezi kusomwa katika kigae.

Kilicho hakika ni kwamba majina hayo yalisafiri. Katika nchi ya Wahaya, Wamara ni mkuu wa mizimu, akiwa pamoja na Mugasha wa ziwa na Irungu wa nyika. Nasaba ya Bahinda ilitawala Karagwe na nchi nyingine za Kagera, na Kiziba ilitawaliwa na Babito. Nchini Rwanda na Burundi, ibada ya kubandwa yenye undugu na ile ya Wachwezi iliwazunguka Ryangombe na Kiranga, na hadi Unyamwezi na Usukuma kulikuwa na chama cha Baswezi. Huko Mubende, Uganda, watu bado wanakwenda kwenye mti wa Nakayima, katika kilima kinachohusishwa na Ndahura, kuomba uzazi, afya na riziki.

Hali ya sasa

Bigo bya Mugenyi na Ntusi zimo katika orodha ya awali ambayo Uganda imeiwasilisha UNESCO kwa kusudio la kuomba hadhi ya urithi wa dunia. Kuwa katika orodha ya awali si kulindwa. Mahandaki ni kazi ya udongo, na udongo una maadui wengi wasio na haraka: mvua inayoporomosha kingo, vichaka vinavyong'oa udongo kwa mizizi, kwato za ng'ombe wanaoshuka na kupanda mahali palepale kila siku. Huko Ntusi, kitongoji cha leo kimesimama juu ya mji wa kale. Kila msingi wa nyumba unaochimbwa bila mtaalamu kuwepo ni ukurasa unaochanwa.

Wanaoishi karibu na mahali hapo wana haja ya malisho, ya barabara na ya mashamba, na haja hizo ni za halali. Wapo pia wanaopaheshimu Bigo kama mahali patakatifu. Kurejeshwa kwa falme za jadi za Uganda mwaka 1993, baada ya kufutwa katika miaka ya 1960, kumeongeza hamu ya watu kujua na kudai historia ya Kitara, na mahandaki haya ni sehemu ya madai hayo.

Sehemu iliyochimbwa na wanaakiolojia hadi sasa ni ndogo sana ikilinganishwa na eneo lote lililozungukwa na mahandaki. Njia za kupima miaka zimeboreshwa tangu mwaka 1960, na mbegu, chavua na mifupa sasa vinaweza kueleza mambo ambayo Shinnie na Posnansky hawakuwa na uwezo wa kuyauliza. Yaliyobaki chini ya majani ya Katonga yanaweza bado kueleza zaidi kuhusu waliokaa nyuma ya handaki na waliolichimba, mradi kingo zake zisiporomoke kabla ya kusomwa.